Uwezo Uliotupwa: Andika Sababu Kabla Hujafuta Wazo

Kila mhusika wa gemu anayebuniwa upya huacha nyuma rundo la uwezo, yaani mbinu maalumu za mhusika, ambao wachezaji hawatauona kamwe. Timu nyingi hulifuta rundo hilo mara tu uamuzi unapopita, au hubaki na orodha ya majina matupu: mnyororo, kufufuka, kuteleza. Orodha ya namna hiyo haina msaada. Baada ya miezi kadhaa mtu mpya anaingia kwenye timu, analeta wazo lilelile la mnyororo kwa furaha, na hakuna anayekumbuka vizuri kwa nini lilipigwa chini. Ushauri wangu ni huu: wazo likitupwa, sababu iliyoliangusha iandikwe, na iandikwe vizuri kuliko wazo lenyewe.

Nitaeleza kwa mhusika mmoja niliyemfanyia kazi, kwenye gemu ya mapambano ya timu mbili. Tulimwita Kobe. Mzito, mwendo wa pole, ngao kubwa mkono wa kushoto. Waliomchagua walikuwa wakienda mlangoni, wanainua ngao, wanabaki hapo hadi raundi iishe. Wapinzani walikereka, na hata wao wenyewe walituambia wanachoka. Kwa hiyo juu kabisa ya faili la marekebisho tuliandika sentensi moja: Kobe atoke mlangoni. Kila wazo lilipimwa kwa sentensi hiyo. Kama hujaandika yako, usianze kubuni uwezo wowote, kwa sababu utajikuta unachagua kinachopendeza macho tu.

Wazo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la kurudisha risasi. Kobe anainua ngao, ukingo wake unawaka rangi ya chungwa kwa nusu sekunde, na chochote kitakachoigonga kwa muda huo kinarudi kilikotoka. Mtu wa sauti alikuwa ameitengenezea mlio wa chuma, kisha ukimya mfupi, kisha mvumo wa risasi inayorudi. Kila aliyeijaribu alitabasamu, na mimi nilikuwa mmoja wa walioitetea kwenye vikao.

Kisha wachezaji wakaizoea. Kuna rekodi ya mechi moja ya majaribio niliyoirudia mara nyingi. Mpiga mishale anamlenga Kobe, anavuta upinde, anaushusha bila kuachia. Analenga tena, anashusha tena. Kobe naye yuko palepale mlangoni, kidole kwenye kitufe, anasubiri mshale uje ili aurudishe. Hakuna anayepiga, hakuna anayesogea, na saa ya raundi inakwenda. Uwezo uliokusudiwa kumtoa Kobe mlangoni ulikuwa umempa sababu nyingine ya kukaa hapo.

Tulipunguza ule muda wa ukingo kuwaka. Tukaongeza muda wa kusubiri kabla uwezo haujatumika tena. Hali ikabaki ileile, na hapo ndipo kuna jambo ambalo ningependa kila mbunifu alishike mapema. Kabla ya kugusa namba yoyote, jiulize: mpinzani anayejua kucheza atafanya nini akikutana na uwezo huu? Kama jibu sahihi kwake ni kusubiri, namba zitapunguza tu idadi ya mara mnazosubiriana. Kama jibu ni kuzunguka, kuruka, kusogea karibu, kumwita mwenzake, basi mna kitu cha kurekebisha kwa namba.

Tatizo la kusubiri si la timu ndogo pekee. Kwenye Overwatch, gemu ya mapambano ya timu, mhusika mganga aitwaye Mercy alikuwa na uwezo mkuu wa kufufua kwa mpigo wenzake waliokufa karibu naye. Uwezo huo ulimlipa kwa kujificha hadi wenzake waanguke, ndipo ajitokeze. Mwaka 2017 Blizzard, kampuni iliyoitengeneza, waliubadilisha: kufufua kukawa uwezo wa kawaida wa kumwinua mtu mmoja, na uwezo mkuu ukawa mwingine, Valkyrie, unaomwezesha kuruka angani huku akiwasaidia wenzake. Naupenda mfano huu kwa sababu kufufua hakukutupwa. Kilichoondolewa ni ile faida ya kujificha. Timu inayojua kutaja kwa usahihi kinachoharibu inaweza kukata hapo hapo, ikaacha sehemu nzuri.

Mnyororo wa kumvuta adui haukuchukua muda mrefu. Ulifurahisha, lakini tulikuwa tayari na mhusika ambaye kuvuta ndiyo kazi yake, na Kobe angemnyang'anya nafasi. Sababu hiyo inatosha mstari mmoja.

Kuteleza juu ya ngao kulikuwa na mjadala zaidi. Mtu wa animesheni alipendekeza Kobe aitupe ngao chini, apande juu yake na kuserereka kwenye miteremko. Kwa kipimo chetu wazo lilifaulu, maana Kobe alitoka mlangoni kweli, tena kwa kasi. Lakini wachezaji humtambua mhusika mzito kwa mbali kutokana na umbo lake na anavyotembea. Kobe aliyeinama juu ya ngao alionekana kama mtu mwingine kabisa, na wapinzani walishtuka kupigwa na asiyetarajiwa. Tukalitupa. Kwenye kumbukumbu tukaandika hivi: kasi baada ya kushusha ngao inapendeza na inamtoa mlangoni, kinachoharibu ni umbo lisilotambulika.

Sasa soma kumbukumbu hiyo pamoja na ile ya kurudisha risasi, ambayo ilisema: mchezaji anafurahi kuona mapigo aliyoyapokea yanageuka faida, kinachoharibu ni kwamba faida inapatikana kwa kusimama. Ukiziweka kando kwa kando, jibu linakaribia kujiandika. Kobe wa sasa hukusanya nguvu ngao inapopigwa, na akiishusha, nguvu hiyo hugeuka mwendo wa kasi kwa hatua chache, akiwa wima, kwa umbo lake lilelile. Asiposhusha ngao, hapati kitu. Hakuna aliyeleta wazo hilo kikaoni likiwa zima. Lilitoka kwenye sababu mbili za kukataa.

Sababu zenyewe ni za aina mbili, na ni muhimu kuzitenganisha. Zipo zinazotokana na mchezo wenyewe. Kabla ya Sonic, mhusika maarufu wa kampuni ya gemu ya Sega, kuwa kalunguyeye, Sega walikuwa na mchoro wa sungura anayeokota vitu kwa masikio yake marefu na kuvirusha. Kuokota kulimlazimu mchezaji asimame, na gemu nzima ilikuwa inajengwa juu ya mbio, hivyo wakamchagua mnyama anayejiviringisha na kushambulia akiwa mwendoni. Gemu ikatoka mwaka 1991. Mashine ya kuchezea yenye nguvu zaidi isingeiondoa sababu hiyo.

Nyingine zinatokana na vifaa, muda au fedha. Shigeru Miyamoto, mbunifu wa gemu za Mario, alitamani mhusika wake huyo apande dinosau tangu baada ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, lakini mashine ya wakati ule haikumudu. Dinosau huyo, Yoshi, alikuja mwaka 1990 kwenye Super Mario World, mashine mpya ilipopatikana. Wazo la namna hii halijashindwa, linasubiri. Ukiliweka fungu moja na la masikio ya sungura, unaweza kulizika bure.

Kwa hiyo kwenye kila kumbukumbu mimi huandika wazo lilikuwa linajibu tatizo gani, nini kilionekana lilipochezwa, na nini kibadilike ili lirudi mezani. Hilo la mwisho likikosa jibu, andika wazi kwamba halirudi. Ambatisha na klipu fupi, kwa sababu maneno "haikuwa na ladha" hayamwambii kitu mtu ambaye hakuwepo. Andika siku ileile ya uamuzi, ukiwa na aliyeleta wazo. Yeye ndiye anayejua sehemu gani ya wazo aliipenda hasa, na mara nyingi sehemu hiyo ndiyo inayofaa kuokolewa.

Jambo moja zaidi kuhusu kazi za watu. Uwezo ukishapata animesheni kamili, sauti na rangi, timu huona uchungu kuutupa, na uchungu huo huanza kuzungumza vikaoni badala ya ushahidi. Ile sauti ya ngao ilituchelewesha kwa namna hiyo. Siku hizi naomba uwezo mpya uchezwe kwanza kwa maboksi ya kijivu na mlio wa kuazima, dhidi ya mpinzani mzoefu anayetaka kushinda. Ukipita hapo, ndipo msanii afungue faili lake.