Mbea Niliyemtia Mfukoni Mwenyewe

Nilikuwa nafuta picha ili nipate nafasi kwenye simu, mara nikajikuta natazama ramani yenye mwaka wangu mzima umechorwa kwa vitone. Nilikopita, nilikosimama, muda niliokaa. Safari ndefu hazikunishtua. Hizo hata majirani walizijua. Kilichonikausha mate ni kitone kimoja cha Jumanne. Kilikaa juu ya kliniki niliyokwenda wiki tatu mfululizo bila kumwambia mtu, na pembeni pameandikwa jina lake: nimeingia saa nne na dakika kumi, nimetoka saa sita kasorobo. Kliniki ile inatibu aina moja tu ya maradhi. Anayesoma pale hana haja ya kuuliza naumwa nini.

Nani aliipa simu ruhusa? Mimi. Siku ya kwanza nilipoiwasha iliniuliza maswali, nami nikabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, kama mtu anayefukuza nzi.

Wengi huilaumu GPS, nami naona inaonewa. GPS ni masikio tu. Simu husikiliza setelaiti zilizo kilomita kama 20,000 juu ya ardhi, ikizisikia nne inapiga hesabu ya ilipo, basi. Setelaiti zenyewe hazijui kama upo duniani. Umbea unaanza baadaye: simu ikishajua ilipo, inamwambia nani?

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mahali, ufungue orodha ya programu zenye ruhusa. Usiharakishe. Yangu ilikuwa na programu 31, na 9 kati ya hizo ziliruhusiwa wakati wote, hata simu ikiwa imelala mezani. Moja ilikuwa kamusi. Kamusi! Neno lina maana ileile niwe chumbani au barabarani.

Siku hizi ramani na usafiri hupata mahali halisi pale ninapozitumia tu. Hali ya hewa hupata mahali pa kukadiria, maana mvua haihitaji kujua namba ya nyumba. Zilizobaki hazipati kitu. Chaguo hilo la kukadiria lipo kwenye iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, na kwenye Android tangu toleo la 12 la mwaka 2021. Ni programu moja tu iliyonigomea, ya kutafuta bei za punguzo, nikaifuta.

Utaambiwa data hizo hazina jina lako. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa nyendo za watu milioni 1.5 wenye simu, wakaonyesha kwamba ukiwa na pointi nne za mahali na saa, unaweza kuwatofautisha watu 95 kati ya 100 na wengine wote. Mimi hata nne naona nyingi. Mahali simu inapolala usiku na mahali inaposhinda mchana, ni watu wangapi wanaofanana kwa vyote viwili?

Tena swichi moja haitoshi. Mwaka 2018 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba Google iliendelea kuhifadhi mahali pa watu waliokwisha kuzima historia ya mahali, kwa kuwa kulikuwa na swichi nyingine, ya shughuli za wavuti na programu. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilikubali kuyalipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5. Ukiingia kwenye akaunti yako, zitafute zote mbili.

Kamera nayo izimie ruhusa ya mahali, la sivyo picha ya kiti unachouza itabeba ndani yake latitudo na longitudo za sebule yako. Baadhi ya programu za ujumbe huziondoa ukituma kama picha, ila ukituma kama faili huenda nazo.

Mtandao wa simu hauguswi na lolote kati ya haya. Laini ikiwa hewani, kampuni inajua mnara unaokuhudumia, vinginevyo simu isingeita. Hapo dawa ni kuizima, nami siizimi.

La mwisho nililolikagua ndilo lililoniaibisha: orodha ya watu ninaowaonyesha nilipo. Nilimkuta mwenzangu mmoja tuliyesafiri pamoja miezi minane nyuma. Tulifunguliana siku ile ili tusipoteane kituoni, kisha nikasahau. Nikampigia kumuuliza kama bado ananiona.

"Nakuona kila siku," akajibu, wala hakuona ajabu. "Jana ulichelewa kutoka kazini. Na zile Jumanne nilitaka kukuuliza, nikaona nisubiri uniambie mwenyewe."

Nikaizima ruhusa yake tukiwa bado tunaongea. Kimya kidogo, kisha nikamsikia anacheka.

"Haya ndugu yangu, sasa umepotea."