Mbunge Wako Mfuate Mapema, Kabla Chama Hakijafunga Hoja

Hapa Newala kila makato ya korosho yakiongezeka, lawama ni ile ile: "Mheshimiwa kaenda Dodoma kugonga meza." Nimewahi kuwa diwani, na ushauri wangu kwa wenzangu wa AMCOS, vyama vyetu vya msingi vya ushirika vya wakulima, ni huu: msisubiri mbunge afike ukumbini ndipo mumdai. Ukumbini mambo mengi yameshaamuliwa.

Hayo niliyaona kwenye baraza letu la madiwani. Kabla ya baraza tulikaa kikao cha chama, mlango umefungwa. Humo ndani tulivutana haswa. Safari moja hoja ilikuwa kuhamisha fedha za zahanati. Mama mmoja wa viti maalumu alisimama, akataja kijiji kimoja baada ya kingine na umbali ambao wajawazito wanatembea, mpaka sehemu ya fedha ikarudishwa. Kesho yake barazani akanyoosha mkono pamoja nasi sote. Wananchi waliokaa nyuma wakanong'ona kwamba yule mama hana lolote. Wangejua!

Bungeni ni vilevile, na adhabu ya kupinga msimamo wa chama ni kali. Kwa Ibara ya 71 ya Katiba, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, ubunge nao unakwisha, na mgombea binafsi haturuhusu. Mwaka 2017 wabunge 8 wa viti maalumu wa chama cha upinzani cha CUF walivuliwa uanachama, viti vikaondoka. Uingereza, Septemba 2019, wabunge 21 wa chama tawala cha Conservative waliipinga serikali ya Boris Johnson. Walitolewa kwenye kundi la chama, lakini viti hawakunyang'anywa. Kwetu bajeti hupigiwa kura kwa kuitwa jina, ndiyo au hapana, wote wanasikia. Na Bunge likiikataa, Rais anaweza kulivunja. Nani atathubutu?

Mwaka 2018 wabunge wa kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walisimama kutetea asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, iliyokuwa ikirudi kwenye zao. Walisema wee, sheria ya kuiondoa asilimia hiyo ikapita. Sisemi walikosea kusema. Kelele nazo zina kazi yake. Lakini ilikuwa Juni, na Juni ni kuchelewa.

Minada ikiisha, Januari au Februari, mfuateni mbunge jimboni. Kamati za Bunge hukaa kabla ya mkutano wa bajeti kuanza Aprili. Msiende na risala ndefu (risala tumezichoka hata sisi tuliokuwa tunasomewa). Pelekeni karatasi moja: kilo mlizokusanya, bei ya mnada, kila kato kwa kilo, na kilichomfikia mkulima. Mwombeni aisemee kwenye kikao cha wabunge wa chama chake, na awatafute wajumbe wa Kamati ya Bajeti hata kama wanatoka Kagera. Muswada wa fedha ukifika kwenye kamati hiyo, wadau hutoa maoni. Chama kikuu chenu cha ushirika kiandike mapema.

Akirudi, msimuulize kura aliyopiga, maana hiyo mnaijua. Muulizeni alimwona waziri gani, wenzake gani walimuunga mkono, na kifungu gani kilibadilika. Akiwajibu kwamba mambo ya chama ni siri, sawa, mwacheni na siri yake. Kifungu kilichobadilika hakina siri, kimechapishwa, awaonyeshe.