Anza na ganda, sura baadaye

Umeuliza kwa nini watu-wadudu wa hadithi yako wanaonekana kama binadamu waliovaa vinyago vya panzi. Nadhani ni kwa sababu umeanza na sura: macho makubwa, vipapasio, mikono minne. Anza na ganda.

Mdudu hana mifupa ndani. Ganda ndilo linalombeba, nalo halikui, kwa hiyo akitaka kukua lazima alivue. Umewahi kuona mende mweupe pe? Ni mende wa kawaida aliyetoka kujivua ganda muda si mrefu, mwili bado laini, hana ulinzi wowote mpaka ganda jipya likauke. Sasa mpe jemadari wako hali hiyo. Kila mwaka anajificha siku tatu. Nani anakaa mlangoni? Nani anaijua siku yenyewe? Hapo tayari una mila, siri na usaliti. (Wadudu wengi huacha kujivua wakishakomaa, lakini hawa ni wako, waache waendelee.)

Halafu sauti. Wadudu hawana mapafu, hewa huingia kwa vitundu vya ubavuni. Mwili wa kimo cha mtu utahitaji kitu cha kuisukuma hewa hiyo, hilo usiliruke. Ila kuna mende wa Madagaska anayefoka kwa kuitoa kwa nguvu kupitia vitundu hivyohivyo. Fikiria mtu anayezungumza kwa mbavu: akitaka kunong'ona, anakugeuzia ubavu.