Kabla hujalipia kamera ya joto ya mtumba, sikiliza kipozeo chake

Mimi ni fundi umeme hapa Kigoma. Kazi inayonilisha ni kukagua meni swichi, maungio ya nyaya na mota za mashine za kusaga na za kutengeneza barafu ya samaki. Ungio lililolegea huchemka muda mrefu kabla halijaungua, na kamera ya joto hulionyesha bila kuligusa. Ndiyo maana akiba yangu ya miaka 2 niliimalizia kwenye kamera ya mtumba, ya aina ambayo kihisi chake hupozwa. Ilidumu miezi 5. Nayaandika haya kwa sababu kuna kijana wa Mwanga anataka kulipia kamera ya namna ileile.

Kwa nini kihisi kipozwe? Kwa sababu nacho kina joto lake, na joto hilo huzaa umeme mdogo unaofanana na ule unaoletwa na miale ya infraredi, yaani miale ya joto isiyoonekana kwa macho, kutoka nje. Mvuvi aliyewasha karabai mbele ya uso wake hawezi kuiona taa ya mtumbwi ulio mbali ziwani, mpaka aishushe. Kihisi cha indiamu na antimoni hushushwa hadi karibu nyuzi 196 chini ya sifuri, baridi ambayo naitrojeni huwa kimiminika. Kazi hiyo inafanywa na kipozeo, mashine inayoenea kiganjani, yenye pistoni na gesi ya heliamu, kwa mzunguko uliobuniwa na mchungaji wa Scotland, Robert Stirling, mwaka 1816. Kihisi chenyewe kimekaa ndani ya ombwe, yaani nafasi iliyotolewa hewa, kama chai ndani ya chupa yake, ili joto la nje lisikifikie.

Kosa langu kubwa lilikuja picha ilipoanza kuchelewa. Niliipeleka kwa fundi friji, mtu hodari ninayemheshimu, tukakubaliana kwamba gesi imepungua. Huenda ilikuwa imepungua kweli, maana heliamu hupenya hata pale gesi nyingine zinaposhindwa. Lakini friji na kipozeo hiki ni vitu viwili tofauti kabisa. Gesi ya friji hugeuka kimiminika na kurudi kuwa gesi. Heliamu hubaki gesi mwanzo hadi mwisho. Ndani kuna kichujio cha nyuzi nyembamba mno ambacho hupokea joto na kulirudisha kila pistoni inapokwenda na kurudi. Tulipofungua, hewa ya kawaida iliingia na unyevu wake, na katika baridi ile unyevu huganda na kuziba njia. Baada ya hapo kamera haikuonyesha picha tena. Nakusihi, usifungue. Hiyo ni kazi ya karakana yenye pampu ya ombwe na heliamu safi.

Ukienda kuinunua, ikute imezimwa tangu jana yake. Shika ganda lake kwanza. Likiwa na uvuguvugu, mwenye mali ameshaiwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine. Iwashe ukiwa na saa mkononi. Kipozeo kizima kwa kawaida huleta picha ndani ya dakika 5 hadi 10. Yangu ilichukua 14 siku ya kwanza, muuzaji akaniambia ndivyo zilivyo, nikamwamini. Tega sikio pia: mwanzoni hunguruma kwa nguvu, kisha baridi ikifika sauti hushuka na kutulia. Isiposhuka kabisa, kinahangaika, ama heliamu imevuja, ama ombwe limeharibika. Ukisikia mkwaruzo, beringi zimekwisha. Uliza saa ilizofanya kazi, baadhi ya kamera huziandika, kwa sababu vipozeo vingi vya zamani umri wao ni saa elfu chache tu.

Ila kabla ya yote hayo ningemuuliza huyu kijana anaitakia nini. Kwa maungio ya umeme, kamera isiyopozwa, yenye kihisi cha oksidi ya vanadi, inatosha. Ndiyo ninayotumia sasa, na haina pistoni ya kuchakaa. Iliyopozwa inawafaa wanaotazama mbali sana usiku, au wanaotafuta gesi ya methani inayovuja.

Ameng'ang'ania kuiona kwanza. Jumamosi tunakwenda pamoja, na nimemwambia amwombe muuzaji asiiwashe tangu Ijumaa jioni.