Maswali ya wasomaji: Kwasa ina majirani au haina?

SWALI: Habari za kazi hapo. Mambo ya anga nayafuatilia kwenye simu tu, sijayasomea. Juzi nimesoma kwamba kwasa za zamani kabisa huwa zimezungukwa na galaksi kibao, halafu wiki hiyo hiyo nikakuta makala nyingine inasema wataalamu wameangalia kwasa wakaikuta iko peke yake kama yatima. Sasa tushike lipi? Na hivi wanajuaje kama galaksi ni jirani kweli na sio kwamba imejipitisha tu mbele? – Mkesha Nyota

JIBU: Mkesha, shika yote mawili, na kuna watu wanakosa usingizi kwa hilo hilo.

Kwasa ni kitovu cha galaksi ambako shimo jeusi kubwa linameza gesi, na ile gesi kabla haijazama inazunguka inachemka mpaka inang'aa kushinda nyota zote za galaksi yenyewe. Shida ni zile za mwanzoni, maana ulimwengu ulikuwa haujafikisha hata miaka bilioni 1 (leo una 13.8) na tayari kuna mashimo yenye uzito wa majua bilioni 1 na kuendelea. Yamekula nini, saa ngapi? Jibu la kwenye makaratasi ni kwamba hapo pana mada giza nyingi (kitu kisichoonekana ila kina mvuto), inavuta gesi, na penye gesi nyingi galaksi nyingine nazo zitazaliwa. Kwa hiyo ukiona kwasa, tegemea msongamano.

Wataalamu wakaenda kuangalia, wengine wakakuta watu, wengine wakakuta uwanja mtupu.

Hapa ndipo swali lako la pili linapoingia, na kwangu mimi ndilo tamu zaidi. Usiku ukiona taa mbili zimegusana kwa mbali huwezi kujua kama moja iko kilomita kumi nyuma ya nyingine. Kwa hiyo darubini ya James Webb inaitawanya nuru ya kila galaksi kama upinde wa mvua, halafu wanatafuta alama ya oksijeni: vidoa viwili vimekaa karibu karibu, kimoja kinang'aa karibu mara tatu ya mwenzake, siku zote hivyo hivyo. Oksijeni hiyo ilipotoa nuru ilikuwa ya kijani, lakini njiani ulimwengu umetanuka ukaivuta mawimbi yake zaidi ya mara saba, inatufikia ikiwa infraredi, nuru ambayo macho yetu hayaioni. Ukipima imevutwa kiasi gani unajua umbali, ikilingana na ya kwasa basi huyo ni jirani, isipolingana ni mpita njia. Zamani walitegemea sana nuru ya haidrojeni, ambayo inapotezwa na ukungu wa haidrojeni yenyewe na kumezwa na vumbi, so majirani wengi walikuwepo ila hawaonekani. Mwaka 2017 mitambo ya ALMA (darubini za redio) kule Chile ilizipima kwasa 25, na nne kati yake zikakutwa na galaksi ubavuni kabisa, zinazaa nyota kwa fujo.

Webb ikaja na picha nzuri 2023: kwasa J0305-3150, ikiwa na galaksi 10 zimejipanga kama shanga kwenye uzi wenye urefu wa miaka ya nuru milioni 3 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru inasafiri kwa mwaka). Nikasema haya, kesi imeisha. Wapi! 2024 timu nyingine ikatoa kwasa 5 walizopima kwa Webb hiyo hiyo, kuna yenye majirani zaidi ya 50 na kuna zenye vigalaksi vichache tu vya kuokoteza, hapo kisingizio cha vifaa kinapungua nguvu, ingawa vumbi bado linaweza kuficha wengine.

Maelezo ninayoyapenda ni kwamba kwasa yenyewe ni jirani mbaya. Mnururisho wake unachemsha gesi ya vigalaksi vya karibu, na gesi ya moto haijikusanyi kuwa nyota. Kwasa VIK J2348-3054 inaonyesha hivyo: kamera yenye upeo mpana iliikuta na galaksi 38 kwa mbali, lakini ndani ya miaka ya nuru milioni 15 hakuna hata moja. Ukitazama kwa kamera yenye upeo mdogo ungeapa ni yatima. Ila maelezo hayo hayagusi kwasa zenye majirani 50, hizo mbona hazijafukuza mtu?

SWALI: Hizo galaksi 10 kwenye uzi sasa hivi ziko wapi? – Bila jina

JIBU: Tunaziona zilivyokuwa miaka milioni 830 baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu. Waliozigundua wanadhani zimeshajikunja zikawa kundi kubwa, mfano wa lile la Coma lenye galaksi zaidi ya 1,000. Shanga hutazikuta tena.