Yule mwekundu mwenye macho makubwa pangoni

Ndugu, umeniuliza ni samaki gani yule uliyemwona pangoni. Kwa maelezo yako (mwekundu, jicho kama kifungo cha koti, kajibanza chini ya matumbawe saa sita mchana) huyo ni kifuu. Na ule mwiba mrefu uliouona kwenye shavu, pamoja na mapezi ya chini ya manjano, unanifanya niseme ni yule ambaye jina lake la kisayansi ni Sargocentron spiniferum, mkubwa kuliko vifuu wenzake. Hupita hata sentimita 40.

Umeuliza kwa nini hasogei. Mchana ndio usiku wake. Jua likizama hutoka kutafuta kaa na uduvi kwenye sakafu ya mwamba, na lile jicho ni la kukusanya mwanga mdogo uliopo. Wekundu nao usikudanganye: mwanga mwekundu hauzami mbali majini, kwa hiyo kule chini yeye ni kivuli tu. Ukimsogelea sana pangoni, tega sikio, huguna. Sauti hiyo huitoa kwa kibofu chake cha hewa.

Sasa la muhimu. Kwa kuwa unavua kwa mshipi usiku, usimshike kichwani kumtoa ndoana. Mwiba wa shavuni una sumu. Mbane kwa kitambaa kizito au koleo. Ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nusu saa au zaidi, kisha nenda zahanati, hasa mkono ukivimba.

Kumwona akiwinda, nenda na tochi baada ya magharibi, lakini usimmulike usoni, atarudi shimoni.