Nilimaliza wa 37, na klabu ikabeba kombe

Kuna kijana ameniandikia wiki hii. Amejiunga na klabu ya riadha mwaka huu, na ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Kaka, kila Jumamosi nabaki nyuma peke yangu. Nikifika, wenzangu wameshamaliza hata kunyoosha misuli. Klabu inashinda mashindano kila kukicha na mimi sijaiongezea kitu. Si bora niache nikimbie kivyangu?" Mwishoni akauliza pia anunue njumu gani, yaani viatu vyenye misumari chini.

Mdogo wangu, usiache. Sikwambii hivyo ili kukufariji. Klabu yetu imetoka juzi tu kubeba kombe la mbio za nyika upande wa wanaume, na kombe lile liliamuliwa na mtu ambaye pointi zake hazikuhesabiwa kabisa. Mtu huyo ni mimi. Nitaeleza kwa kirefu, maana nimegundua kwamba hata ndani ya klabu yetu wengi wanashangilia kombe bila kujua lilivyopatikana.

Katika mbio za nyika saa haina kazi kubwa. Kinachohesabiwa ni nafasi. Wa kwanza anachukua pointi moja, wa pili mbili, wa thelathini thelathini. Timu inaingiza wakimbiaji sita, wanne wa kwanza ndio wanaojumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Utaratibu ni huo huo mpaka kwenye mashindano ya dunia. Wa tano na wa sita hawajumlishwi, lakini nafasi walizomaliza hazifutwi. Kwa hiyo wa tano wenu akimpita wa nne wa wapinzani, yule wa nne anashuka nafasi moja na timu yake inabeba pointi moja ya ziada. Watu wengi wamekimbia miaka na miaka hawajalitia maanani jambo hili.

Sasa tazama matokeo yetu. Sisi tulimaliza wa 3, wa 9, wa 17 na wa 31. Jumlisha: 60. Wapinzani wetu wakubwa walimaliza wa 1, wa 6, wa 15 na wa 38. Jumlisha tena: 60. Sare. Na timu zikifungana pointi, kanuni inaangalia mtu wa mwisho kati ya wale wanaohesabiwa: timu ambayo wa nne wake amemaliza mbele zaidi ndiyo inayoshinda. Wa nne wetu alikuwa wa 31, wao wa 38. Kombe likaja kwetu.

Wa 37 alikuwa nani? Mimi. Kama yule ndugu wa 38 angenishinda, yeye angekuwa wa 37, jumla yao ingekuwa 59, na leo kombe lingekuwa kwenye kabati lao.

Nitakusimulia ilivyokuwa. Mbio zilikuwa za kilomita 10, mizunguko mitano, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kila mzunguko ulikuwa na kilima kimoja kifupi lakini kikali, halafu mteremko wa utelezi, halafu tambarare inayorudi kwenye mstari. Bunduki ilipolia watu walitoka kama wamefukuzwa. Mimi nilikaa nyuma kwa makusudi. Nimefundishwa na kocha wetu kwamba mzunguko wa kwanza wa nyika ni wa kutafuta mahali pa kukanyaga, na nimemwamini. Mzunguko wa pili nilianza kupita watu, wa tatu nikapita wengi zaidi, hasa kwenye kilima, ambako waliotoka kwa fujo walikuwa wameanza kulipa deni. Mzunguko wa nne sina la kusimulia.

Mwanzo wa mzunguko wa mwisho kocha alikuwa amesimama pembeni ya kamba. Hakuniambia "jitahidi" wala "kaza". Aliniambia maneno manne: "Huyo wa nne wao." Nikainua macho. Mbele yangu, kama mita thelathini hivi, kulikuwa na mgongo wenye jezi yao.

Nilimfikia kilimani. Kabla sijawa sawa naye nilisikia kitu kinapigapiga, pa, pa, pa, nikadhani ni kiatu kilichofunguka. Ilikuwa namba yake ya kifuani: pini mbili za chini zilikuwa zimeng'oka na karatasi iliyolowa inampiga tumboni kila akikanyaga. Mkono mmoja alikuwa ameubana ubavuni, ameshikwa na kichomi. Nikampita. Kwenye mteremko akanipita tena, maana yeye alikuwa na njumu zenye misumari mirefu kuliko zangu na hakuogopa kuteleza. Tukaingia tambarare ya mwisho bega kwa bega. Hapo sikufikiria pointi. Nilifikiria kitu kimoja, kwamba mstari bado, mstari bado, mstari bado. Nikamaliza mbele yake kwa kifua.

Ukiona naikuza sana nafasi moja ya mtu wa 37, mkumbuke Alphonce Simbu. Septemba 2025, kule Tokyo, kwenye marathoni ya mashindano ya dunia, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda ule ule, saa 2:09:48. Kilomita 42 na ushei zimekwisha, na dhahabu ikaamuliwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Petros alikuwa ameongoza mita za mwisho. Simbu hakumaliza mbio kichwani mwake kabla miguu haijamaliza, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kifua kimoja ni kitu kidogo.

Matokeo yalipobandikwa palitokea mzozo kidogo, kwa sababu kila upande ulisoma 60 ukajitangazia ushindi. Mwamuzi akaja akaeleza kanuni ya sare. Tukaruka, tukakumbatiana, tope kwa tope. Ilikuwa furaha ya kweli, nami niliifurahia kwa moyo wote.

Kisha wakaitwa jukwaani wanne. Wakavishwa medali wanne. Jioni, kwenye kundi letu la WhatsApp, kiongozi mmoja akaweka picha ya wanne na maneno "mashujaa wetu wanne". Mia moja na kitu wakapiga makofi. Mimi na mwenzangu wa sita hatukuwepo hata kwenye ukingo wa ile picha.

Nitasema ukweli: liliniuma, na bado linaniuma ninapoandika. Medali yenyewe siililii. Linaloniuma ni kwamba yule aliyeandika yale maneno alikuwepo uwanjani, aliisikia kanuni ikielezwa, na bado akahesabu mpaka wanne akafunga daftari. Nilikaa kimya siku kadhaa. Baadaye nikamwandikia faragha, kwa adabu, nikamwekea hesabu yote kama nilivyoiweka hapa. Alijibu kwa alama ya dole gumba.

Ndugu viongozi wa klabu popote mlipo, hili ninawaambia ninyi. Mafanikio ya klabu mnayatangaza vibaya. Timu ya wanaume ya Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia wa mbio ndefu za nyika mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Ukimuuliza mpenzi yeyote wa riadha atakutajia John Ngugi, aliyeshinda mara tano, na Paul Tergat, aliyeshinda mara tano mfululizo. Sawa kabisa, ni majabali. Lakini Ngugi na Tergat hawakutwaa ubingwa wa timu wakiwa peke yao. Kila mwaka kulikuwa na watu waliomaliza nyuma yao kidogo, mmoja baada ya mwingine, wakiwaziba wageni wasipate nafasi ndogo. Mkitaka klabu idumu, someni majina sita. Someni na la yule aliyeumia akajitoa mzunguko wa tatu. Mtu akisikia jina lake, Jumanne asubuhi anakuja mazoezini hata kukiwa na baridi. Asiposikia, anaanza kujiuliza maswali kama ya huyu kijana aliyeniandikia.

Na klabu yetu mwaka huu haikuwa na kombe hilo tu. Akina dada walichukua nafasi ya pili kwenye mbio za kupokezana barabarani, na aliyekimbia kipande cha mwisho alikabidhiwa akiwa wa tano, akawapita watatu. Kuna mama mmoja, mwajiriwa wa zamu za usiku, amemaliza nusu marathoni yake ya kwanza bila kutembea hata hatua. Vijana wetu wawili wamevunja rekodi zao binafsi za kilomita 5 siku moja. Nawapongeza wote, na najua ndani ya kila habari hiyo kuna mtu aliyekuwa anaongoza kasi mazoezini ambaye hatatajwa popote.

Sasa nirudi kwako, mdogo wangu.

Umesema unabaki nyuma kila Jumamosi. Nakuuliza: unakimbiaje siku nyingine? Maana kosa ninaloliona kwa wageni wengi wa klabu ni kukimbia kila siku kama siku ya mashindano, kwa sababu wanataka kufuatana na kundi la mbele. Miguu haipumziki, Jumamosi inafika wamechoka, wanabaki nyuma, wanaongeza juhudi, wanachoka zaidi. Siku ya mbio nyepesi iwe nyepesi kweli. Kipimo ni mazungumzo: kama huwezi kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatiza kwa pumzi, umezidisha, punguza. Mbio zako nyingi za wiki ziwe za namna hiyo. Kasi uiweke kwenye siku mbili tu, moja ya vilima au vipande vifupi, nyingine ya mwendo mkali wa wastani. Mimi sikuwa na kipaji cha kupita watu mzunguko wa mwisho. Nilikipata kwa kukubali kukimbia polepole siku ambazo wengine walikuwa wananicheka kimoyomoyo.

Pili, anza taratibu. Nimeshasema, nasema tena. Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni ya 2:00:35 pale Chicago mwaka 2023, nusu ya kwanza alitumia dakika 60 na sekunde 48, nusu ya pili 59 na sekunde 47. Mtu mwepesi kuliko wote waliowahi kukimbia umbali ule kwenye mashindano rasmi mpaka siku ile, na bado aliacha nguvu za baadaye. Wewe na mimi ni nani tuzimalize zote kwenye kilomita ya kwanza? Anza taratibu, mdogo wangu.

Tatu, jua hesabu ya mbio unazoingia. Kabla ya kufunga kamba za viatu, uliza: wanahesabiwa wangapi? Wapinzani wetu ni nani, jezi yao rangi gani, wa nne wao yukoje? Ukiwa mkiani bila kazi, miguu inakuwa mizito. Ukiwa mkiani na unajua jezi unayoifukuza, unakimbia kama mtu aliyetumwa. Maneno manne ya kocha yalinifanyia kazi ambayo kelele zote za pembeni hazikunifanyia.

Na hudhuria. Hili nalisisitiza kuliko yote. Wa nne wetu, yule wa 31, mwaka jana alikuwa nyuma yangu kila Jumamosi. Tulikuwa tunavutana wawili, leo yeye mbele, kesho mimi. Akanishinda, ndiyo, na nina wivu naye kidogo, lakini asingefika pale bila mtu wa kumpumulia shingoni, wala mimi nisingemkuta yule ndugu kilimani bila yeye kunivuta miezi yote ile. Tafuta mtu mmoja aliye mbele yako hatua chache. Achana na kundi la kwanza kwa sasa. Shikamana na huyo mmoja mpaka akuzoee.

Kwa msimu ujao nimeshaomba kwa maandishi kwamba orodha ya matokeo ya klabu ibandikwe na majina ya wote waliovaa jezi, pamoja na nafasi zao. Kocha ameniunga mkono. Kamati haijajibu, na nitauliza tena kwenye mkutano.

Kuhusu swali lako jingine, la njumu: nunua kiatu ambacho misumari yake inafunguliwa, uwe na seti mbili. Kwenye ardhi kavu na ngumu milimita 6 mpaka 9 zinatosha. Kukiwa na tope weka 12 au 15, na uikaze kwa ufunguo usiku wa kuamkia mashindano, maana ile inayolegea ndiyo inayobaki matopeni. Yule ndugu wa namba iliyong'oka alikuwa na ndefu, na kwenye ule mteremko aliniacha kama nimesimama.